Siku Tulipopima Adabu

Kwenye sherehe ya kuniaga watu sita walisimama kunisifu, na wanne kati yao walinishukuru kwa kupima mvua miaka yote hiyo. Sikuwahi kupima mvua. Mvua ina watu wake, nao wana ofisi yenye dirisha. Mimi nilipima msukosuko wa hewa, yaani jinsi hewa inavyojikunja, inavyojigonga na kugeuka nyuma inapopita kwenye kitu, na nilifanya hivyo katika chumba kisicho na dirisha, ili hewa ya nje isiharibu hewa ya ndani. Nilikula keki, nikapokea blanketi na saa ya ukutani, nikanyamaza. Mtu anayeagwa hapaswi kusahihisha.

Sasa nimerudi kwangu Londiani. Viazi vimepaliliwa, ng'ombe amezaa, na nyinyi vijana wa maabara mmeniomba niandike machache ya kuweka kwenye faili. Kama mlitaka orodha ya vyeo vyangu, kaiombeni ofisini. Ni fupi, itaingia nyuma ya bahasha.

Siku ya kwanza nilifika kwenye kituo cha utafiti wa chai asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Kutoka barabarani hadi mlango wa maabara nilitembea katika kijani kitupu, kijani mbele, kijani nyuma, na vichwa vya wachumaji vikielea bila miili. Nilidhani nimefika mahali patakatifu. Kisha nikafungua mlango nikakuta wanaume wawili wakigombana juu ya nani amechukua kikombe cha nani.

Mmoja alikuwa mkuu wa maabara. Nitamwita Daktari tu, kwa sababu yu hai na ana wajukuu wanaomwamini. Kabla yangu alikuwa ameajiri vijana watatu wenye diploma, na wote watatu walikuwa wameshindwa. Aliniuliza swali moja.

"Hiyo sweta umenunua wapi?"

"Nimefuma mwenyewe, Daktari."

Akamgeukia yule mwingine, mzee mfupi aliyekuwa na koti la buluu na sikio moja lisilosikia kwa sababu ya miaka ya kukaa karibu na feni. Huyo alikuwa Mzee Langat, fundi wetu mkuu. Mzee Langat aliitazama sweta kwapani, mahali ambapo mfumaji mvivu hujulikana.

"Ng'oa unywele mmoja," akaniambia.

"Wa nani?"

"Wako. Zangu ziliisha."

Niling'oa.

"Piga fundo katikati."

Nikapiga. Akaniambia nipige la pili kando ya la kwanza, nikapiga. Akauinua unywele kwenye taa, akausogeza karibu na jicho, akasema, "Huyu ataweza. Wale wa diploma walikuwa wakitetemeka kama watu wanaoapishwa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika sayansi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, kwa wale wenu mliozaliwa katika enzi ya leza. Unachukua waya mwembamba kuliko unywele, kipande cha urefu wa chawa. Unaulehemu kwenye ncha mbili za sindano ukiutazama kupitia hadubini. Unapitisha umeme, waya unapata joto. Hewa ikipita, inaupoza. Ikipita kwa kasi zaidi, inaupoza zaidi, na mashine inaongeza umeme ili kuurudishia joto lake. Huo umeme unaoongezwa ndio unaokuambia hewa inakwenda kwa kasi gani, mara elfu kwa kila sekunde. Kwenye kioo cha mashine unaona mstari wa kijani. Hewa tulivu, mstari umelala. Hewa yenye msukosuko, mstari unaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba asubuhi.

Kuufunga waya mmoja kulichukua nusu siku. Kuukata, chafya moja ilitosha. Mzee Langat alinikataza kahawa, akanikataza kugombana na mume wangu asubuhi, akanikataza kushika pumzi. "Ukishika pumzi, utaiachia," alisema, "na utaiachia juu ya waya." Alininyima pia kile nilichokitaka zaidi, sifa. Mwaka wa kwanza nilimwonyesha waya ulionyooka kuliko wote niliowahi kufunga. Akautazama, akasema, "Kesho utakuwa umekatika," akaenda kunywa chai. Kesho yake ulikuwa umekatika.

Handaki letu la upepo, lile mnalowaonyesha wageni kama kitu cha makumbusho, Mzee Langat alilijenga kwa mbao nyembamba za masanduku ya zamani ya kusafirishia chai, na feni iliyotupwa na kiwanda. Ukiliwasha, chumba kizima kilinuka chai ya miaka mingi iliyopita. Kila asubuhi kabla ya kupima chochote, tuliuweka waya ndani ya handaki na kuulinganisha na mrija wa shaba uliotuonyesha kasi ya hewa kwa uhakika. "Kwanza pima kipimo," Mzee Langat alisema. "Kipimo nacho huamka vibaya." Mrija huo aliusafisha kwa kijiti chenye nywele ngumu, kama kile ambacho mama yake alisugulia kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, ila alikichonga chembamba hadi kikawa kama njiti ya kiberiti. Daktari aliagiza brashi maalum kutoka ng'ambo. Ilifika baada ya miezi minane, haikuingia kwenye tundu.

Daktari alipenda wastani. Mstari uruke utakavyo, yeye alichukua miruko yote, akaijumlisha, akaigawanya, akapata namba moja iliyotulia, akaipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Alitoa wastani kama padre anavyotoa baraka, bila kuuliza nani amekuja na dhambi gani. Mimi nilidhani kazi yetu ilikuwa ile miruko. Yeye aliona miruko ni utovu wa nidhamu wa hewa.

Wageni walipokuja, aliwasha kioo na kuwaonyesha mstari. "Mnaona? Huo ndio msukosuko." Siku moja walikuja wanaume kumi na wawili wenye suti, na feni ilikuwa imekataa kuwaka tangu asubuhi. Mstari ulitetemeka kidogo tu kwa sababu birika letu lilikuwa likichemka kwenye soketi hiyo hiyo. Daktari alieleza ule mtetemo kwa nusu saa nzima. Wageni walipiga makofi. Mzee Langat akaninong'oneza, "Hakikisha wamekunywa hiyo chai. Ndiyo waliyokuja kupima."

Nimesema haya ili muelewe ni watu wa namna gani waliotumwa kuamua shauri la Merigi.

Mzee Langat alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla, akarudi kwake Sigowet, na mimi nikawa fundi wa waya peke yangu. Kiwanda kimoja upande wa Bomet kilituita. Huko kiwandani majani mabichi humwagwa kwenye trafu, lile sanduku refu kama basi, lenye sakafu ya wavu. Mwisho mmoja kuna feni kubwa inayopuliza hewa chini ya wavu, hewa inapanda kupitia majani hadi yanyauke vizuri. Kulikuwa na trafu sita. Majani ya Merigi, kijiji cha mbali chenye barabara mbovu, yaliwekwa trafu ya sita, na chai iliyotoka trafu ya sita ilikuwa chungu, nyeusi, haina harufu. Muonjaji wa kiwanda aliitema.

Meneja alisema wakulima wa Merigi wanachuma majani magumu na kuyashindilia guniani yakiwa na umande. Alitaka kulifunga banda lao la kupimia majani. Likifungwa, watu wa kule wangebeba majani yao hadi banda la mbali, kupanda kilima na kushuka kingine, na wengi wao walikuwa kina mama wenye magoti mabovu. Wakulima wakasema ni trafu iliyoharibika, wala si majani yao. Basi sisi tukaitwa tuseme: ni hewa, au ni majani?

Tulipiga simu kusema tunakuja. Hilo likumbukeni.

Tulipofika sakafu ilikuwa imeoshwa. Wanawake wa kutandaza majani walikuwa wamevaa aproni zilizopigwa pasi. Msimamizi wao, Kwamboka, mama mnene kutoka upande wa Kisii, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alitupokea kwa chai na mandazi. Nikamwambia neno moja, la busara kama nilivyodhani wakati huo.

"Dada, naomba msirundike majani. Yakirundikwa yataukata waya wangu, na nimekuja na nyaya nane tu."

"Usijali, Mama Waya," akasema, na hilo jina likabaki nami hadi leo. "Tutakutandikia kama kitanda cha bibi harusi."

Wakatandika. Sijaona majani yaliyotandazwa vile. Kila pembe imejazwa, kila tuta limesawazishwa kwa kiganja. Nikachomeka sindano yangu mahali arobaini kwenye trafu ya sita, na mahali pote arobaini mstari ulikuwa mtulivu, mzuri, unapumua kama mtoto aliyeshiba. Waya haukukatika hata mmoja. Daktari akachukua wastani, akaupigia mstari mara mbili. Ripoti ikasema hewa ya trafu ya sita haina kasoro. Maana yake mnaijua: kasoro ni ya watu wa Merigi.

Meneja akatangaza banda litafungwa mwisho wa mwezi, na kwamba kabla ya hapo utafanyika mkutano pale pale bandani, ili wataalamu wawaeleze wakulima kisayansi.

Nisingejua zaidi kama si mandazi. Nilikula mengi kiasi kwamba nilisahau koleo yangu ndogo ya kushikia waya juu ya dirisha la kiwanda. Wiki moja baadaye nikapanda gari kwenda kuichukua. Sikupiga simu, nani hupiga simu kwa ajili ya koleo?

Nilifika saa kumi na moja jioni. Lori la Merigi ndiyo kwanza lilikuwa likiingia, la mwisho kama kawaida, tope hadi madirishani. Zamu ilikuwa ikiisha. Vijana wakashusha magunia mbio mbio na kuyamimina kwenye trafu ya sita, yote upande wa karibu na mlango, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa mbali na basi la wafanyakazi lilikuwa limeshaanza kupiga honi. Majani yakalala vilima na mabonde. Hapa tuta la kufika kiunoni, pale wavu mtupu unaonekana. Nilisikia hewa ikifoka kwenye yale matundu. Nikaingiza mkono ndani ya tuta. Palikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia, na mkono ulitoka ukinuka matunda yaliyooza.

Kwamboka akanikuta nimesimama hivyo, mkono umelowa hadi kiwiko.

"Mama Waya! Mbona hukusema unakuja?"

"Kwamboka, hivi ndivyo huwa?"

"Hivi nini?"

"Majani ya Merigi. Humwagwa hivi kila siku?"

"Sasa zamu imeisha, watu watandaze saa ngapi? Ya trafu ya kwanza ndiyo tunatandaza, kwa sababu Meneja hupita hapo, na shamba lake liko humo." Akacheka. "Lakini siku yenu tulitandika, au sivyo? Mgongo uliniuma siku tatu. Tulifurahi sana kusikia mmeandika hewa yetu ni safi."

"Kwa nini mlitandika?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini alimpa mgeni kiti. "Wewe ndiwe uliyesema. Na hata usingesema, mgeni unamwonyesha nyumba haijafagiliwa?"

Nikarudi na koleo yangu. Asubuhi nikaingia kwa Daktari nikamweleza yote.

"Ripoti imeshatumwa," akasema.

"Lakini si kweli, Daktari."

"Tulipima nini?"

"Trafu ya sita."

"Siku hiyo hewa ilikuwaje?"

"Ilikuwa sawa."

"Tumeandika ilikuwaje?"

"Sawa."

"Basi uongo uko wapi, Wairimu?" Na akarudi kwenye gazeti lake, kwa ule utulivu wa mtu aliyejipa wastani na kujipata hana hatia.

Jumapili nikaenda Sigowet. Mzee Langat alikuwa akirekebisha redio ya jirani chini ya dari ya mabati. Alinikaribisha mursik, akageuza sikio lake zima upande wangu, akasikiliza hadi mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

"Ulilinganisha waya asubuhi ile?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukauchomeka sawasawa?"

"Ndiyo."

"Basi kazi yako ilikuwa safi. Mlipima vizuri sana. Ila mlipima adabu, hamkupima hewa." Akanywa. "Na ile adabu uliiomba wewe, ili waya wako usikatike. Sasa rudi ukaukate."

Niliomba siku mbili za likizo. Nikaichukua mashine ndogo ya kupimia bila kuandika popote, nikaifunga ndani ya ile sweta ya siku ya kwanza, nikaiweka kikapuni chini ya sukuma wiki. Kwa Kiswahili cha ofisi hilo linaitwa wizi wa kifaa cha umma, na nilijua hivyo nilipokuwa nikilifanya. Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nawaambia ili msidhani nilikuwa shujaa.

Nilipofika kiwandani nilimweleza Kwamboka yote, akanivika aproni na gambuti, akaniingiza pamoja na wanawake wake. Meneja alikuwa amekwenda Kericho kwa mkutano. Lakini nilipofika kwenye trafu nilikuta mambo yamegeuka. Lori la kwanza, lile la mashamba ya karibu, la Meneja mwenyewe, lilikuwa limemwagwa trafu ya sita, vilima na mabonde. Trafu ya kwanza ilikuwa tupu.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Nimekosea trafu," Kwamboka akasema bila kupepesa jicho. "Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Kukosea naruhusiwa. Nyinyi ndio hamruhusiwi."

Lori la Merigi lilipofika, wanawake wake walibaki nusu saa baada ya zamu, wakayatandaza majani yale kwenye trafu ya kwanza kama kitanda cha bibi harusi.

Nikapima. Kwenye trafu ya sita, ndani ya matuta ya majani ya Meneja, mstari ulilala kama maiti. Hewa haikuwepo kabisa. Kwenye matundu ulirukaruka hadi ukatoka kwenye kioo. Waya wa kwanza ulikatika, wa pili, wa tatu, hadi wa saba. Kila ulipokatika nilijisikia mwepesi kidogo, na sitaeleza zaidi ya hapo. Kwenye trafu ya kwanza, waya wa nane ulipita katikati ya majani ya Merigi bila kukwaruzwa, na mstari ulikuwa ule ule, mtulivu, unaopumua. Nikachapa mistari yote kwenye karatasi ndefu, nikaikunja, nikarudi nyumbani.

Siku ya mkutano banda la Merigi lilijaa, wengine wakasimama nje kwenye jua na vikapu migongoni. Mwenyekiti wao, Mzee arap Sang, alikaa mbele, fimbo kati ya magoti, kofia mkononi. Daktari aliletwa kwa gari la kituo, na mimi nyuma yake kubeba vitabu. Kwamboka alikuwa amekuja siku yake ya mapumziko; nilimwona nyuma kati ya kina mama, akila karanga.

Daktari alizungumza juu ya wastani. Alizungumza kwa unyenyekevu mkubwa, akieleza kwamba sayansi haina kabila wala haina banda. Kisha Meneja akasimama. Kama angekaa tu, labda leo ningekuwa nawaandikia mambo mengine.

"Ndugu zangu, mimi sina chuki," akasema. "Lakini chai inasema yenyewe. Jumatano iliyopita, trafu namba moja, majani ya karibu na kiwanda, likiwemo shamba langu, yametoa chai ambayo muonjaji alisema mwaka huu hajaonja kama hiyo. Nayo ya siku hiyo hiyo, trafu namba sita, yenu nyinyi, ameitema asubuhi yake. Ametema mbele yangu! Sasa hiyo nayo ni hewa?"

Sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto ikatoka nyuma. "Meneja, samahani. Jumatano gani?"

"Iliyopita."

"Ile ulienda Kericho?"

"Ndiyo, hiyo."

"Basi nisamehe, siku hiyo nilichanganya malori. Namba moja ilikuwa ya hawa watu." Akamenya karanga nyingine. "Ile waliyotema ilikuwa ya shamba lako."

Mama mmoja akajifunika uso kwa leso na mabega yakaanza kutikisika, na banda zima likapasuka. Mzee arap Sang ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimtazama Meneja, akamtazama Daktari.

"Huyu anajua nini kuhusu hewa?" Meneja akafoka. "Daktari, waambie! Mlipima au hamkupima?"

Daktari akanigeukia. Ndiyo mara ya kwanza miaka yote ile aliyonihitaji niseme kitu mbele ya watu. "Fundi wangu alipima," akasema. "Wairimu, waambie."

Nikasimama.

"Tulipima," nikasema. "Lakini siku hiyo niliwaomba wanawake watandaze majani vizuri, ili chombo changu kisiharibike. Kwa hiyo tulipima majani yaliyotandazwa. Yenu hayatandazwi. Yanafika mwisho, yanamwagwa, yanaiva kwa joto lao wenyewe. Ripoti ile ni kosa, na kosa ni langu. Nimerudi nikapima tena, bila ruhusa."

Nikatoa karatasi. Ilipita mkono kwa mkono hadi kwa Mzee arap Sang. Akaishika mbali na macho, akapitisha kidole.

"Huu uliolala, ndio sisi?"

"Ndio majani yoyote yaliyorundikwa, mzee. Hayo yalikuwa ya Meneja."

"Na huu unaoruka?"

"Hewa inatafuta pa kupita."

"Na huu wa mwisho?"

"Huo ndio nyinyi, mkitandazwa."

Akautazama muda mrefu. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akavaa kofia. Sikuipata tena. "Kongoi, mama," akanishukuru kwa lugha yake. Akamgeukia Meneja. "Banda linabaki. Tuendelee na ajenda ya pili."

Banda likabaki. Lipo hadi leo, na mabati mapya. Kwamboka alihamishwa kufagia uwanja kwa miezi mitatu kwa kosa la kuchanganya malori, kisha akarudishwa kwa sababu bila yeye malori yalichanganyika kweli. Mimi nilipata barua ya onyo, ambayo ni maandishi pekee ya kituo yanayotaja kazi ile pamoja na jina langu. Miaka miwili baadaye Daktari aliandika makala ndefu juu ya athari za kutotandaza majani sawasawa. Alialikwa kuisoma nchi tatu. Mwishoni aliwashukuru "mafundi". Siku aliporudi aliniletea peremende kutoka kwenye ndege.

Kiwandani wakapaka maneno ukutani kwa rangi nyekundu: TANDAZA SAWASAWA. Tangu hapo nilikwenda kupima kila mwaka, na kila mwaka majani yalikuwa yametandazwa sawasawa. Nilijaribu kwenda bila kusema. Mlinzi wa getini ni mtu wa heshima, hawezi kuacha wenzake waaibike. Kabla sijafunga mlango wa gari alikuwa ameshapiga simu ndani. Vipimo vyote vilivyo kwenye makabati yenu tangu mwaka ule ni vizuri mno. Vitumieni mkitaka. Mna leza sasa, mna picha za rangi zinazogeuka kwenye kompyuta, nyekundu kwa kasi, buluu kwa utulivu, na hakuna anayekata waya. Ila ulizeni kila mara nani alifagia kabla hamjafika.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda kuaga. Sikuwa na mashine, wala kikapu, wala gari la kituo. Nilishukia barabarani nikaingia kwa mguu pamoja na wachuuzi wa ndizi, na mlinzi, akiona sina sanduku, akanisalimu tu na kurudi kwenye uji wake. Ilikuwa saa kumi na moja.

Chini ya yale maandishi mekundu trafu ya sita ilikuwa vilima na mabonde. Hewa ilifoka kwenye matundu. Kwamboka, ambaye naye alikuwa amebakisha miezi michache, alikuwa akifungua aproni yake ili akawahi basi. Aliniona, akatazama mikono yangu mitupu, akatazama trafu.

"Leo huna waya," akasema.

"Sina."

"Basi ndiyo hivyo."

"Ya wapi hayo?"

"Unauliza wapi, Mama Waya? Ni barabara ya wapi bado haijatengenezwa?"

Nje basi lilipiga honi. Nikaingiza mkono kwenye tuta. Lilikuwa na joto lile lile. Nikavua koti, nikalitundika kwenye swichi ya feni. Kwamboka alinitazama, akatukana kwa Kikisii neno ambalo hadi leo hakuna aliyenitafsiria, kisha akaivua aproni yake akanivika, naye akachukua gunia akajifunga kiunoni. Honi ililia mara ya pili, basi likaondoka bila yeye.

"Anza huko mwisho," akasema. "Na polepole. Leo hakuna anayetuangalia."